Mzee wa Jirani Anapoumizwa: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Bibi alininyooshea dole gumba lake la kushoto. Tulikuwa jikoni kwake, katika kijiji kimoja mbele ya Mafinga, mwezi wa saba, baridi ile ya kuuma masikio, naye amejikunyata karibu kabisa na mafiga. "Hiki ndicho kidole nilichowapa," alisema. Mjukuu alimwambia ni karatasi ya kujiandikisha mbolea ya ruzuku. Akachovya kwenye wino, akabonyeza pale alipoonyeshwa. Miezi miwili baadaye wakaja watu na misumeno, wakaanza kuangusha misindano aliyoipanda na marehemu mumewe. Karatasi ile ilikuwa ya mauziano ya shamba.

Hakuna mtu aliyempiga bibi huyu. Majirani nilipowauliza, waliniambia kwa moyo safi kabisa kwamba anatunzwa vizuri tu. Hapo ndipo tunapochelewa: tunasubiri tuone damu ndipo tuseme kuna ukatili.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwa wazee wa Mufindi na Njombe, mara nyingine nikivuka hadi Rungwe. Mwongozo huu nimemwandikia jirani, mkamwana, mjukuu aliye Dar es Salaam anayesikia habari za bibi yake kwa simu, mwalimu, katekista, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Katiba yetu, ibara ya 11, inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee. Lakini usitegemee kukuta kijijini ofisi yenye bango la "Ulinzi wa Wazee". Kuna mlolongo wa watu: mtendaji, afisa ustawi wa jamii, polisi, baraza la ardhi, zahanati, baraza la wazee. Kila mmoja ameshika kipande chake. Wewe ndiye utakayewaunganisha.

Ukatili wenyewe una sura gani huku kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hufanyiwa ukatili wa namna fulani katika jamii anamoishi, ndani ya mwaka mmoja. Sura ya ukatili huo hubadilika kufuatana na mahali, na huku nyanda za juu mambo mawili yanaupa sura yake.

La kwanza ni ardhi. Shamba la babu ambalo zamani lilikuwa la mahindi na viazi, leo Mufindi, Kilolo na Makete lina misindano na milingoti, yaani mikaratusi. Njombe na Rungwe lina parachichi. Bei imepanda, na mzee aliyeshika shamba hilo amegeuka kuwa mtu anayesubiriwa afe, au asukumwe apishe. Ukisikia kijana anasema "mzee anakalia mali", sikiliza kwa makini.

La pili ni UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, mikoa iliyo juu kabisa nchini. Nyuma ya tarakimu hizo wapo mabibi waliozika watoto wao na kulea wajukuu kwa jembe la mkono. Wajukuu wengi wamekuwa watu wema wanaowatunza. Wachache wamekua wakiona kila alichonacho bibi ni urithi wa baba yao uliocheleweshwa, na wakirudi usiku kutoka kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, wanadai kwa fimbo.

Ukipita kwa mzee, tazama vitu vidogo. Sufuria ina nini? Kuna kuni ndani au ziko mbali asikoweza kwenda? Huku kwetu kumnyima mzee kuni na blanketi mwezi wa sita na wa saba ni ukatili kamili, hata kama hakuna aliyempandishia sauti. Tazama kama anaangalia uso wa mtu mwingine kabla ya kujibu swali lako. Michubuko ya ndani ya mikono ya juu mara nyingi hutokana na kushikwa kwa nguvu. Mtu akianguka huumia zaidi magoti, viganja na nyonga. Dawa za presha zimebaki nyingi au zimeisha kabla ya wakati? Simu yake iko wapi, na nani anajua namba yake ya siri? Kama ni mlengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, muulize siku ya malipo ilikuwa lini na alinunua nini. Mzee asiyekumbuka alinunua nini anaweza kuwa hakuziona kabisa zile fedha.

Hatua ya kwanza: ongea naye akiwa peke yake

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Usiende na daftari mkononi. Usiende na mwenyekiti. Nenda na kitu cha mkononi, hata kama ni sukari ya robo, keti chini usawa wake, na salamu iwe ndefu. Kwa Wahehe na Wabena "kamwene" haisemwi mtu akiwa amesimama mlangoni kama mpita njia. Zungumza habari za mvua, za mahindi, za magoti. Kama kuna mtu anazunguka pale na haondoki, mwombe mzee akusindikize hadi njiani, au mpange mwonane kanisani, msikitini, au kliniki.

Kisha uliza maswali ambayo mtu anaweza kuyajibu bila kumshtaki mwanawe. "Bibi, siku hizi unalala vizuri?" "Nani anakupikia?" "Kuna mtu unamwogopa usiku?" Usimwambie, "Huyo mwanao anakutesa, siyo?" Atakataa, na atakataa kwa sababu ni mama. Nimeona mama mwenye jicho lililovimba akisema ameangukia kizingiti, na nilipokaa kimya akaongeza mwenyewe: "Akipelekwa ndani, nani atanizika?" Swali hilo lijibu kwa heshima, maana ndilo hofu yenyewe. Mweleze kwamba kusimamisha kipigo si lazima kuanze na jela, kwamba kuna kikao, kuna onyo la mtendaji, kuna namna ya kumtoa mtu nyumbani. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie utamwambia nani, na kwa nini.

Mwisho muulize anataka nini. Mzee mwenye akili timamu ana haki ya kusema "niache kwanza". Ni vigumu kulipokea, lakini maisha ni yake. Akisema hivyo, mwachie njia ya kukupata na urudi baada ya siku chache. Utaratibu huo unavunjwa na mambo matatu: maisha yake yakiwa hatarini, akiwa na ugonjwa wa kusahau kiasi cha kutoelewa kinachoendelea, au kukiwa na mtoto ndani ya nyumba hiyo naye anaumizwa. Hapo utatoa taarifa hata akikukataza.

Hatua ya pili: pima hatari, ni ya leo au ya wiki hii

Ya leo ni hizi: kipigo kinachoendelea, panga au kutishiwa kuuawa, ubakaji, kufungiwa ndani bila chakula wala maji, na umati uliokusanyika kumtuhumu uchawi. Piga polisi 112, mwite mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, na mtoe mzee pale alipo. Usijadiliane na aliyeshika silaha.

Kama ameumia, fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, hutolewa kituo cha polisi na hailipiwi. Lakini anayetoka damu nyingi au aliyepoteza fahamu apelekwe hospitali moja kwa moja, na mtu mwingine afuate fomu.

Kama bibi amebakwa, na hutokea, tusijifiche, saa 72 za kwanza ndizo za dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyosaidia. Katika mikoa yetu hili si jambo la kuahirisha hadi Jumatatu. Asioge kabla ya kuonana na daktari. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa safi. Mfuko wa nailoni huzifanya zivunde. Hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono zina daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, hivyo hatarudia hadithi ile ile mara tano.

Hatua ya tatu: andika

Nunua daftari la kawaida la mistari. Liweke nyumbani kwako, si kwa mzee. Andika tarehe, saa, ulichokiona kwa macho yako, na maneno ya mzee kama alivyoyasema. Mfano: "Jumanne tarehe 8, saa 2 asubuhi. Bibi ana mchubuko mkono wa kulia juu ya kiwiko, upana wa vidole vitatu. Amesema: 'Alinivuta nitoe hela ya kaya.' Ndani hakukuwa na unga. Nilikuwa na mama wa nyumba ya pili." Usiandike "mjukuu ni mlevi na katili", hayo ni maoni yako, na mbele ya hakimu yatakupotezea heshima.

Picha ya jeraha ipige kwa ruhusa yake, moja ya karibu na moja inayoonyesha mtu mzima. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nimeona picha ya namna hiyo ikimfikia mpigaji kabla haijamfikia polisi.

Hatua ya nne: nani umwone, na kwa lipi

Mtendaji wa kijiji au wa mtaa ndiye mlango wa kwanza kwa karibu kila jambo. Mpe taarifa kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri na ubaki nayo. Muhuri huo ndio ushahidi wako kwamba ofisi ilijua. Kama mtendaji ni ndugu wa mtuhumiwa, jambo la kawaida vijijini, ruka hadi kwa mtendaji wa kata bila kuomba radhi.

Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, na baadhi ya kata zina wa kwao. Hospitali kubwa nazo zina wake. Huyu ndiye anayeweza kufanya tathmini ya kaya, kuita familia, kutafuta ndugu wa kumpokea mzee kwa muda, na kushughulikia kitambulisho cha matibabu bila malipo kwa mzee asiyejiweza. Ukienda kwake, usiseme tu "kuna mzee anateseka". Mwambie jina, kitongoji, umri, anaishi na nani, nini kimetokea na lini, na anataka nini. Ofisi nyingi zina afisa mmoja na kata nyingi; taarifa iliyokamilika ndiyo inayopata safari ya pikipiki.

Polisi, nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Jina lisikuchanganye: mzee aliyepigwa nyumbani anahudumiwa hapo pia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haiangalii kama aliyekupiga ni mwanao: kifungu cha 240 ni shambulio la kawaida, cha 241 ni shambulio lenye madhara ya mwili, cha 225 ni kujeruhi vibaya. Ukishaandikisha, omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na uiandike kwenye daftari lako.

Kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, za kijiji na kata zimewekwa kwa ajili ya wanawake na watoto. Bibi ni mwanamke, kwa hiyo suala lake linaingia. Kwa babu, tumia baraza la wazee. Mabaraza haya kwa kweli hayana meno ya kisheria, lakini nimeona mtu aliyempuuza mtendaji akiinamisha kichwa mbele ya wazee sita waliomjua baba yake.

Ardhi ikiuzwa au kuporwa

Fanya haraka kuzuia uharibifu. Siku ile ile mwandikie mwenyekiti na mtendaji kwamba mzee anapinga mauziano, na uwaombe wasigonge muhuri wala kujadili karatasi yoyote inayohusu shamba hilo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kuhamisha haki ya kimila kunatakiwa kupitia halmashauri ya kijiji. Karatasi iliyoandikwa kilabuni na mashahidi wawili haitoshi. Omba kuona muhtasari wa kikao. Mara nyingi hakuna.

Usuluhishi huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3, kisha Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui nani mwenye shamba. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee wengi wanapoteza miezi wakisubiri "hukumu ya kata" ambayo haipo. Huko wilayani ndiko unakoomba zuio ili miti isikatwe wakati shauri linaendelea. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, lakini mti uliokwisha kuwa mbao haurudi.

Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo ni bure kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017. Msaidizi wa kisheria anayekudai "hela ya karatasi" muulize usajili wake.

Bora zaidi ni kuzuia. Mwambie kila mzee unayemjua: hakuna dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa kwa sauti na mtu wa pili uliyemchagua mwenyewe. Hati ya hakimiliki ya kimila isikae chini ya godoro. Nakala yake iwe kwa mtu wa kanisani au binti aliyeolewa mbali. Na mjane asikubali "kikao cha ukoo" kimgawie mali kabla ya mirathi kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo.

Mzee akitajwa uchawi

Hapa sitazunguka. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa 1928, inafanya kumtaja mtu hadharani kuwa mchawi kuwa kosa. Lambalamba, yaani waganga wanaodai kufichua wachawi, wanaopita vijijini kwa mwaliko wa watu, wakichangisha kila kaya na kuingia nyumba za wazee "kutoa vitu", wanavunja sheria, na mwenyekiti aliyewakaribisha naye anavunja. Ukisikia michango imeanza, toa taarifa kwa mtendaji wa kata na polisi kabla hawajafika. Wakishaanza kuchimba kwenye sakafu ya mtu, umati hausikii tena.

Tazama pia kinachojificha nyuma ya tuhuma. Asubuhi moja bibi anakutwa uani kwa watu, amevaa nusu nguo, hajui alivyofika. Kijiji kinasema ameanguka na ungo. Mimi namwona mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, aliyeamka usiku akidhani anakwenda kwenye nyumba aliyozaliwa, akapotea. Macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka 60. Mfunike kwa kitenge, mpe uji, mwite mtu wa zahanati, naye aseme mbele ya watu kwamba ni maradhi. Maneno ya muuguzi wakati huo yana uzito kuliko ya polisi. Baadaye familia iweke kengele au komeo la juu mlangoni, na mtu wa kulala naye chumba kimoja. Kumfungia peke yake ndani ya nyumba yenye moto hapana, hata kwa nia njema.

Fedha na simu

Hili ni fupi. Mzee apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asizozijua azifute kwenye duka la mtandao husika. Namba ya siri ibadilishwe, na asipewe mtu, hata wakala aliyezoeleka. Kwa fedha za TASAF, msaidizi wa kupokea anaweza kubadilishwa: zungumza na mtendaji na kamati ya jamii ya mpango kabla ya malipo yanayofuata.

Baada ya taarifa

Watu wengi hudhani kazi imeisha polisi. Hapo ndipo hatari inapopanda. Dhamana kwa makosa mengi ni haki, na mtuhumiwa anaweza kurudi nyumbani jioni ile ile, amekasirika, na mzee yuko peke yake. Kabla hujaripoti, panga mzee atalala wapi usiku huo na siku saba zinazofuata. Acha begi kwa jirani: dawa, kadi ya kliniki, kitambulisho, nakala ya hati, kanga, sweta. Panga ishara na nyumba ya karibu. Bibi mmoja wa Tukuyu alikubaliana na jirani kwamba asipofungua dirisha la jikoni hadi jua linachomoza, watu waje.

Kikao cha familia kinafaa kwa uzembe, kwa mgawanyo wa matunzo, kwa maneno mabaya. Hakifai kwa ubakaji, silaha wala majeraha. Hayo ni ya Jamhuri, na "kumalizana nyumbani" kwa mbuzi mmoja ni kumrudisha mzee kwenye mikono ile ile. Kikao kikifanyika, afisa ustawi au mtendaji awepo, mzee akae karibu na mlango, na makubaliano yaandikwe kwa majina: nani analeta kuni, nani analipa unga, nani analala pale.

Na mtazame mlezi pia. Mkamwana anayembeba mama mkwe asiyetembea, miaka mitatu, bila kupumzika, huku mashemeji wakituma salamu tu kutoka Dar es Salaam, atafika siku atamfokea na siku atamsukuma. Haimwondolei kosa. Ila kumtisha bila kumpunguzia mzigo hakutamlinda bibi. Waite mashemeji, waseme watatuma kiasi gani na watakuja kumpokea lini, na iandikwe.

Rudi baada ya siku 3, baada ya wiki 2, kisha kila mwezi, na usiwe na siku maalumu inayojulikana. Kila ofisi iliyogonga muhuri iulize imefikia wapi. Kwa bibi wa Mafinga baraza lilitoa zuio, misumeno ikasimama, shauri linaendelea na misindano iliyobaki bado imesimama. Mjukuu amehama. Binti mdogo wa bibi amerudi kukaa naye. Nikipita pale baada ya salamu bibi mwenyewe hunifunulia sufuria nione, kisha hunionyesha blanketi la pili, lile la kijivu, lililokunjwa juu ya kitanda.